Nyota tatu kwa dogo wa steshenari aliyenisajilia biashara Dodoma (na moja kati ya hizo ni ya huruma)

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtaniuliza: laki na nusu. Hiyo ndo niliyotoa mwaka 2023 kwa dogo mmoja mwenye kasteshenari hapa Dodoma mjini, bango limeandikwa kwa rangi ya mkono TUNASAJILI KAMPUNI, JINA LA BIASHARA, TIN, LESENI, MAOMBI YA AJIRA, MIKOPO YA CHUO, PICHA PASIPOTI. Jina la ofisi silitaji na wala halitawasaidia, ukishuka Jamatini ukatembea dakika tano utakuta vibanda vya hivyo vimejipanga na huduma ni ile ile, kwaiyo soma hii kama review ya vibanda vyote.

Mi natengeneza ubuyu na siagi ya karanga. Nilianza jikoni kwangu Chang'ombe nauzia majirani na kina mama wa kwaya, baadae nikapata mlango kwa dada mmoja mwenye kantini kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Huyo dada akaniambia mama mzigo wako watu wameupenda ila mi nawajibika kwa mahesabu, nahitaji risiti yenye jina la biashara na TIN, ile namba ya mlipakodi, la sivyo nakuacha. Hiyo ilikuwa Februari, na Bunge la bajeti linaanza Aprili, nanyi mnaoishi Dodoma mnajua mji unavyokuwa kipindi hicho, gesti zimejaa, bodaboda hawashikiki, mpaka muuza karanga za kukaanga anaringa. Nikasema msimu huu haunipiti, nikaenda kwa dogo.

Sasa niwe mkweli, mwanzo wake alinifurahisha. Nilifika nimejiandaa kusema nataka kampuni, nimeshaona kabisa jina langu linaishia na LIMITED, dogo akaniuliza mama uko mwenyewe? Nikasema niko mwenyewe. Una wafanyakazi? Binti mmoja wa kupaki. Akasema basi anza na jina la biashara, kampuni utakuja kunilaumu mwakani ukianza kuulizwa mahesabu na mkaguzi. Angeweza kunibebesha kampuni akala hela ndefu zaidi, hakufanya hivyo, nyota ya kwanza hiyo naitoa kwa moyo mweupe. Ila ambacho hakuniambia, na nilikuja kuelewa baadae kabisa, ni kwamba jina la biashara halikutenganishi wewe na biashara yako. Deni la biashara ni deni lako, wakija kudai hawaishii kwenye mashine ya kusagia karanga, wanaweza kufika mpaka kwenye friji na kiwanja. Kampuni ndo inahesabika kama mtu mwingine kisheria, ina mali zake na madeni yake. Kwa biashara ya ubuyu bado nakubaliana na dogo, ila mtu anayetaka kukopa mamilioni aifikirie hiyo kwanza.

Kingine ambacho watu wengi tunachanganya, mi mwenyewe nilidhani nikishapata cheti cha BRELA, ile ofisi ya serikali inayosajili biashara, hakuna mtu anaweza kuchapisha pakiti zenye jina na nembo kama zangu. Sio hivyo. Jina la biashara ni usajili mmoja, alama ya biashara ni usajili mwingine, una sheria yake ya mwaka 1986, una ada yake, na unakulinda miaka saba ya mwanzo kisha unahuisha kwa kumi kumi. Zote ziko BRELA ila moja haikuletei nyingine. Mi alama bado sijasajili, hela ikipatikana.

Kazi yenyewe ilienda hivi. Akanidai namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, akaingia kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, akatafuta jina nililolitaka, limeshachukuliwa. La pili, limechukuliwa. La tatu tukaongezea neno moja likakubali. Akachagua aina ya shughuli kwenye orodha ndefu yenye vikodi vya namba, akaprinti fomu, nikasaini, akaiskani akaipandisha, akalipia kwa simu yake. Siku ya nne cheti kikatoka na karatasi ya taarifa za usajili, kimeprintiwa kwa rangi kabisa. Nikaona laki na nusu imefanya kazi. Baadae nikaja kujua ada yenyewe ya jina la biashara BRELA ni elfu 20. TIN haiuzwi, TRA, mamlaka ya mapato, wanatoa bure. Leseni inalipiwa halmashauri kwa kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, yenye jina lako. Sisemi dogo asile, kijana ana kodi ya pango na umeme na vocha ya intaneti, lakini mtu akikwambia TIN ni elfu 30 ujue hiyo ni ya kwake.

Kwenye TIN ndo mambo yakaanza kuchacha. Dogo anajaza, mfumo unakataa, anajaza, unakataa, akaanza kulaumu mtandao, akatoka nje akarudi. Kumbe mi nilishakuwa na TIN toka nilipoandikisha pikipiki ya marehemu kaka, ile isiyo ya biashara, na mtu mmoja anakuwa na TIN moja tu maisha yake yote. Kinachotakiwa sio kuomba mpya, ni kuihamisha ile ile iwe ya biashara. Swali moja tu angeniuliza, mama una leseni ya udereva au chombo cha moto? Hakuuliza. Tukapoteza siku mbili.

Halafu likaja la mkataba wa fremu. Ili TRA wakukadirie kodi wanataka wajue unafanyia biashara wapi, na leseni pia inataka mkataba wa pango. Fremu yangu nalipa laki moja kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Dogo akaniambia kwa sauti ya chini kama daktari, mama kwenye mkataba andika elfu thelathini. Nikamuuliza kwa nini, akasema kodi. Na kweli kodi ipo, mkataba unalipiwa ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango la mwaka, kwangu mi ilikuwa elfu 12 kwa milioni 1 na laki 2, hiyo haiumi. Inayouma ni kodi ya zuio, asilimia 10, yaani laki na elfu 20. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, wewe mpangaji unakata kwenye hela yake unapeleka TRA, yeye unampa cheti cha kukatwa. Nendeni mkamwambie hivyo mwenye nyumba yeyote Dodoma mtanipa majibu.

Mi nilienda. Mwenye fremu wangu ni mzee wa Kigogo, mstaarabu sana, nikaanza na mbukwenyi, salamu yao, ya kubabaisha ili nimlainishe, akacheka, akanikaribisha kigoda chini ya mwarobaini, nikamweleza taratibu habari ya asilimia kumi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti yangu, hiyo nyumba nimeijenga na ng'ombe wangu, TRA hawakunisaidia hata tofali. Wewe ukikata, mi nakata umeme." Basi. Tukabishana nusu saa kwa heshima zote, tukaishia hivi: kodi nitoe mimi, na yeye hapandishi pango miaka miwili, na hilo la kutopandisha likaandikwa kwenye mkataba na mwenyekiti wa mtaa akaweka muhuri. Najua kisheria hiyo ilikuwa ya kwake. Ila na mimi nilitaka fremu.

Na mkataba tukaandika laki moja, sio elfu thelathini. Nilikaa nikafikiria, nimempa mzee laki sita mkononi, karatasi inasema elfu thelathini kwa mwezi, kesho mtoto wake anakuja ananitoa kabla ya muda, nikienda kulalamika nadai kiasi gani? Laki na elfu themanini? Kwa mkataba nilioandika mwenyewe kwa mkono wangu? Hapo dogo nyota sikutoa, maana ushauri wa namna hiyo anautoa kwa kila mteja na wengi wanaufuata.

Sasa kukadiriwa. Hapa nisomeni vizuri kwa sababu ndo penye hela. Dogo alinipa somo la mwisho, ukiulizwa kwa siku unauza ngapi sema elfu kumi. Mi ni mtu wa majivuno kidogo, nimefika dirishani, afisa mmoja mdada kanichangamkia, mama biashara inaendaje, nikasema inaenda, kuna siku nauza mpaka elfu thelathini! Nilivyoona anaandika nikajua nimejichoma. Elfu thelathini kwa siku 300 ni milioni 9 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka ule, mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu za maandishi, mauzo yake yakiwa kati ya milioni 7 na milioni 11 analipa laki mbili na nusu. Elfu kumi ya dogo ingekuja milioni 3 tu, na chini ya milioni 4 hulipi kitu, ndo maana kila mtu mjini anauza elfu kumi kwa siku, ukipita madirishani utadhani Dodoma nzima tunauza bei moja.

Lakini huyo mdada aliniuliza swali ambalo dogo hakuwahi kuniuliza: unaandika popote? Nikamwambia naandika, nina kaunta buku. Akasema ilete. Ni kaunta buku kwaya tatu, jalada limeshalowa mafuta ya karanga, kurasa zingine zimeshikana kwa sukari ya ubuyu, nimeandika mauzo ya kila siku na manunuzi na hata hela niliyomkopesha wifi. Siku nzuri elfu thelathini, siku mbaya elfu saba, Jumapili sifungui. Akapiga hesabu na kalikuleta, wastani ni kama elfu ishirini, milioni 6 kwa mwaka. Asiye na daftari hapo, kati ya milioni 4 na 7, analipa laki moja. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani asilimia 3 ya milioni 2, elfu 60. Inagawanywa mara nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, elfu 15 kila awamu. Nilitoka pale nimekumbatia lile daftari kama mtoto. Elfu 15 kwa miezi mitatu jamani, binti yangu wa kupaki anamaliza zaidi ya hiyo kwenye soda.

Na sikulazimika kununua mashine ya risiti maana hiyo inaanza kukubana mauzo ya mwaka yakifika milioni 11, kabla ya hapo unaandika risiti ya mkono, ila iwe na jina, TIN na tarehe, sio kile kikaratasi cha kuchana kwenye boksi la sigara.

Leseni nitaipitia haraka maana huko kulikuwa na unafuu. Leseni za biashara ziko makundi mawili, A zinatoka BRELA, B zinatoka halmashauri, mi yangu ni ya B kwaiyo ni Jiji. Maombi siku hizi ni kwenye mfumo wa mtandaoni wa halmashauri unaoitwa TAUSI, unaweka TIN, cheti cha uthibitisho wa kodi kutoka TRA, mkataba, na kwa kuwa ni chakula bwana afya anakuja kuona sehemu na wote mnaoshika chakula mnapimwa. Bwana afya alikuja, akaangalia sinki, akaangalia choo, akaangalia kucha za binti, akaondoka. Shida tena ni dogo, alijaza biashara ya jumla badala ya rejareja, bili ikaja imepanda mpaka nikakaa chini. Afisa biashara wa Jiji ndo alinishtua, akaniuliza mama una ghala? Nikasema nina stoo ya chini ya kitanda. Akacheka, akanielekeza turudishe maombi yarekebishwe, ikashuka. Kila siku naambiwa maofisini watu wanazungushwa, mi siku hiyo nilihudumiwa vizuri na nasema.

Mpaka hapo ungeniuliza ningempa dogo nyota nne, nimefungua kwa wakati, Aprili nimepeleka katoni mbili Mtumba na risiti zangu za kalamu. Kilichozishusha kilikuja Desemba.

Nilihama fremu nikasogea karibu na soko la Majengo, na mabadiliko ya anwani unatakiwa uyapeleke BRELA, na TRA pia. Nikasema safari hii nafanya mwenyewe kwa simu. Naingia kwenye mfumo, naambiwa NIDA yako ina akaunti tayari. Sawa, naomba pasiwedi mpya. Mfumo unaniambia tumetuma kwenye imeili yako, na inanionyesha herufi mbili za mwanzo na nyota nyota. Mi imeili sina! Ndo nikaelewa. Dogo aliweka imeili yake na namba yake ya simu, kwangu na bila shaka kwa wateja wake wote. Meseji za uthibitisho zinaenda kwake. Na kwenye TIN ni hivyo hivyo, namba ya simu ya kwake. Yaani cheti kina jina langu, nimekitundika ukutani kwenye fremu ya kioo, lakini funguo ya mlango iko mfukoni kwa mtu mwingine, na huyo mtu angetaka kubadilisha kitu usiku nimelala ningejulia wapi?

Nikaenda steshenari. Imefungwa, pale pale pana mtu anakaanga chipsi. Muuza chipsi ananiambia yule kaenda kwao Kondoa kwenye msiba. Nampigia, "mama pole, laptopu nimeiacha kwa fundi, nikirudi." Wiki mbili. Akarudi, akasema pasiwedi ya imeili kaisahau. Wiki nyingine. Hapo nilikuwa nahitaji ile karatasi yenye anwani mpya kwa ajili ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na SIDO naenda kwa ajili ya TBS, shirika la viwango, na habari ya TBS nayo ina kisa chake na dogo, maana toka mwanzo nilimuuliza na TBS je? Akanijibu kwa uhakika kabisa, TBS ni ya viwanda, mama, wewe ubuyu hauhusiani.

Unahusiana. Chakula cha kupaki kinahusiana, toka 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS kutoka ile iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, wanasajili jengo na wanapima bidhaa. Na kwa karanga mi mwenyewe sibishi, watu wa mkoa huu hatujasahau 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ya kwenye mahindi, na karanga nayo inapenda hiyo sumu kama mahindi. Unanunua gunia Kibaigwa linang'aa, huwezi kuona kwa macho. Mjasiriamali mdogo akienda na barua ya SIDO anaanza bila kulipia, hiyo sikuijua mpaka mama mmoja mtengeneza achari aliponiambia kwenye foleni ya benki. Kwaiyo mwaka mzima nimekwepa kitu nilichodhani ni cha mamilioni.

Basi, nyota tatu. Ya kwanza kunizuia kufungua kampuni, ya pili kasi, cheti siku nne sio mchezo kwa mtu asiye na kompyuta, ya tatu ni huruma kwa sababu mwishowe alirudi akakaa na mimi. Nilienda na laini yangu, nikafunguliwa imeili yangu palepale, nikaandika pasiwedi mwenyewe huku nimemwambia ageuke aangalie barabarani. Ukienda kwenye vibanda hivi fanya hivyo toka siku ya kwanza, laini yako, imeili yako, na kontro namba uisome mwenyewe kabla hajalipia maana kiasi kimeandikwa pale pale.

Tulipomaliza akaniomba elfu kumi ya usumbufu. Nikamwambia elfu kumi sina, nikatoa kwenye begi pakiti mbili za ubuyu nikamwekea mezani. Akachukua moja, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akasoma kila kitu kwenye lebo, akaniangalia.

"Mama, mbona haina alama ya TBS?"